Maji ya Uyoga na Uso wa Mukami

Ukifika mtaa wa Mbotela usiulizie Nyawira, maana utatazamwa tu. Ulizia Mama Uyoga. Utaonyeshwa kwa kidevu nyumba ya tatu kutoka kwenye mfereji, ile yenye kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa nyuma. Kibanda hakina dirisha hata moja. Ukifungua mlango unapokewa na giza, ubaridi na harufu ya majani yaliyolowa, na macho yakishazoea unaona mifuko ya plastiki imening'inia kwenye kamba toka juu hadi karibu na sakafu. Kila mfuko una matundu, na kila tundu limetoa kichala cha uyoga mweupe, umepangana masikio kwa masikio.

Siku ya kwanza jirani yake, Mama Mwangangi, alipochungulia humo, alirudi nyuma hatua tatu. "Nyawira, unafuga mashetani?" aliuliza. Alipoambiwa ni chakula alitaka kujua kinakaangwaje, na tangu hapo hajawahi kulala njaa.

Nyawira ana miaka hamsini na minne. Jina lake kwa Kikuyu ni la mtu wa kazi, na hakuna aliyewahi kulibishia. Kwa miaka mingi aliuza sukuma wiki kando ya Jogoo Road, mpaka magoti yakakataa kusimama juani. Ndipo kanisa lilipoleta mwalimu wa kufundisha akina mama kilimo cha uyoga. Walianza wanawake thelathini, wakaimba na kupigwa picha. Miaka miwili baadaye alikuwa amebaki Nyawira peke yake. Dada yake wa Nyeri alimwambia huo ni mlo wa nyani. Lakini Makokha, mlinzi wa kanisa aliyezaliwa Kakamega walikozoea kula uyoga, alipoonja mara ya kwanza alifumba macho, kisha akasema, "Mama, umenirudisha nyumbani." Nyawira hakuhitaji cheti kingine.

Kazi yenyewe haina haraka wala haitaki mtu wa hasira. Analoweka majani makavu ya ngano, anayachemsha kwenye pipa, anayaacha yapoe, anayachanganya na mbegu na kuyashindilia kwenye mifuko. Halafu anangoja gizani. Asubuhi, mchana na jioni ananyunyizia maji. Siku ya kuvuna hakati kwa kisu, anashika kichala kwa vidole vitatu na kukizungusha kidogo mpaka kiachie chenyewe. Na mteja akija kuchelewa humwambia wazi: huu ni wa jana, njoo kesho uchukue mzuri. Si mtu wa uongo, na hilo lishikeni, kwa sababu ninayoeleza hapa ni habari ya uongo mmoja mkubwa alioutunga kwa mikono yake mwenyewe.

Nyawira ana mtoto mmoja, Mukami. Jina ni la nyanya yake, mama wa baba yake, Ndung'u, na kwa upande wa Ndung'u ndiko msichana huyo alikochukua kila kitu: paji pana la uso, miguu mirefu, na ngozi nyeusi nyororo, isiyo na doa. Ndung'u alikuwa fundi wa viti. Aliaga dunia Mukami akiwa na miaka kumi na mitano. Nyawira mwenyewe ni mwekundu wa kule Nyeri, wa rangi angavu ambayo vijana wa Eastlands huiita rangi ya thao, wakiifananisha na noti ya elfu moja.

Mukami sasa ana miaka ishirini na minne. Anauza katika duka la vipodozi la mwanamke anayeitwa Teresiah, huko Kayole karibu na Spine Road, na amepanga chumba hukohuko. Alianza kujichubua mwaka jana. Mwanzoni mabadiliko yalikuwa ya haraka, na watu wakamsifu, na Nyawira, tuseme ukweli, alinyamaza. Alifikiri ni mambo ya ujana yatakayopita. Kisha mkorogo ukageuka. Mashavu yaliiva kama yaliyomwagiwa chai ya moto. Ngozi ikawa nyembamba mpaka mishipa ikaonekana, huku vifundo vya vidole vikibaki vyeusi na kukunjamana. Mukami akaanza kuvaa barakoa. Alikuja Jumapili kula kwa mama yake, akaishusha barakoa hadi kidevuni, akageukia ukuta ndipo atie kijiko mdomoni.

Nyawira alifoka. Akaomba. Akalia. Siku moja alichukua kopo la ile krimu akalitupa chooni, na Mukami akanunua lingine kesho yake. Halafu Jumapili zikaanza kurukwa. Mara kuna kazi, mara kichwa kinauma. Nyawira alikuwa na mtoto mmoja duniani, na mtoto huyo alikuwa anamponyoka, uso kwanza.

Msaada ulitoka nyumba ya pili, alikopanga mwanafunzi wa chuo kikuu jina lake Mirriam. Mirriam alikuwa anafanya utafiti wa uyoga, na uyoga wa utafiti alikuwa akiuchukua kwa Nyawira. Jumamosi moja asubuhi aliingia uani mbiombio, bado na begi mgongoni.

"Mama Mukami, imefanya kazi!"

"Nini imefanya kazi?"

"Uyoga wako!"

"Uyoga wangu hufanya kazi kila siku," Nyawira alisema, akaendelea kuchambua majani ya ngano.

Mirriam alicheka, akavuta ndoo akaikalia, akaeleza. Alikuwa ameukausha uyoga, akausaga, akauloweka na kuuchuja mpaka akabaki na dondoo yake, maji mazito ya rangi ya chai. Kwanza aliona kwamba dondoo hiyo inapambana na zile taka ambazo jua, moshi na uzee huziacha mwilini. "Zile hutula polepole, mathe, vile kutu hula mabati." Halafu akaona jambo la pili. "Ndani ya ngozi kuna kitu kinatengeneza rangi. Ni ndugu ya kile hufanya viazi, hizi waru zetu, zikikatwa ziwe nyeusi. Sasa nikikiwekea dondoo ya uyoga, kinalegea. Rangi haitengenezwi sana."

Mikono ya Nyawira ilisimama. "Unasema inafanya mtu awe mweupe?"

"Hapana! Nasema kwa kichupa cha maabara. Kwa kichupa, mathe. Uso wa mtu si kichupa. Wewe ukichemsha uyoga hapa kwako ujipake mwaka mzima, utabaki vile uko. Na hii dondoo yangu haijajaribiwa kwa ngozi ya mtu, na mimi sitakubali ijaribiwe ovyo ovyo."

"Na mtu akijipaka hayo maji ya kuchemsha, yatamdhuru?"

Mirriam alifikiri. "Kama hana kidonda, sidhani. Hiyo ni supu tu."

"Ni supu tu," Nyawira akarudia.

Mirriam alipokwenda, Nyawira alikaa na majani mapajani asiyachambue. Alikuwa amejaribu kumwambia Mukami aache, na kuacha peke yake hakukuwa na ladha. Mtu anayekimbilia kitu humzuii kwa kumwambia rudi. Unamwambia kuna njia nyingine, ya huku, twende. Alijua kabisa kwamba njia hiyo haifiki popote. Ndiyo maana aliipenda.

Kesho yake alimpigia Mukami simu akamwambia kuna jambo kubwa la Mirriam wa chuo. Mukami alikuja, barakoa usoni. Mezani palikuwa na bakuli la maji ya uyoga yaliyochemshwa na kupoa, sahani moja, kisu, na waru moja kubwa. Nyawira aliikata waru mbele ya macho ya mwanawe. Kipande kimoja akakilaza kwenye sahani, kingine akakitumbukiza ndani ya bakuli.

"Tule kwanza," alisema.

Walikula. Walipomaliza, kipande cha kwenye sahani kilikuwa kimeshika weusi, cha kwenye bakuli kilikuwa cheupe vilevile. Mukami alivitazama kwa zamu. Akavua barakoa bila kujua kwamba ameivua.

"Aki, Mami! Hii ni uyoga imefanya?"

"Muulize Mirriam kuhusu kitu kinachotengeneza rangi," Nyawira alisema, na hilo angalau lilikuwa kweli. "Polepole lakini. Inataka miezi. Na haishiki kwa ngozi iliyoungua. Kwa hivyo kwanza unaacha mkorogo, wote, na tunaenda kwa daktari wa ngozi akutibu. Halafu kila Jumapili unakuja nakupaka mimi mwenyewe. Wewe usijipake, utakosea."

"Kuna vile mtu anaweza kukosea kupaka maji?"

"Kuna."

Walikwenda kwa daktari siku ya Jumanne. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi. Alimpa Mukami mafuta mepesi na dawa, akampangia namna ya kuiacha ile krimu hatua kwa hatua, akamwonya kwamba uso utawaka kabla ya kutulia. Uliwaka kweli. Wiki za kwanza Mukami aliamka uso umevimba, analia kwenye simu, na Nyawira alimwambia vumilia, maji yanangoja ngozi ipone. Uvimbe ulipopungua na daktari akasema sasa unaweza kuosha uso kama watu, wakaanza.

Jumapili baada ya ibada Nyawira alipasha maji ya uyoga yakawa vuguvugu, akayachuja kwa kitambaa safi, akamkalisha Mukami kwenye kigoda karibu na mlango, mahali mwanga unapoingia bila jua. "Funga macho," alimwambia. Alianza na paji la uso, akashuka kwenye nyusi, akazunguka macho, akaja kwenye mashavu kwa upole uleule wa kugusa uyoga mchanga. Hakuhitaji kwenda polepole hivyo. Ilikuwa supu. Lakini mkono ulikataa kuharakisha.

Alishangaa kuona ni mambo mangapi hakuwa anayajua kwenye uso huo. Kulikuwa na kovu dogo la tetekuwanga karibu na sikio. Kope za kushoto zilikuwa ndefu kuliko za kulia. Mukami akifumba macho midomo yake ilijikunja kidogo upande mmoja, kama ya Ndung'u akipima ubao. Nyawira alizungumza mambo madogo madogo huku akipaka: nani ameolewa, mfuko gani umekataa kuota, Makokha amesema nini tena. Mara nyingine Mukami alisinzia akiwa ameketi, kichwa kimeegemea tumbo la mama yake, na Nyawira alisimama hapohapo na magoti yake mabovu mpaka aamke. Kisha waliula uyoga wenyewe, na vitunguu na dania. Mukami hakuruka Jumapili hata moja.

Mwezi wa pili rangi ilianza kurudi. Ilianzia kwenye paji la uso, ikashuka taratibu, nyeusi na laini, ikifuta mabaka. Nyawira aliiona kabla ya mtu yeyote na akafurahi kama mwizi. Alifurahi, na papo hapo hofu ikamshika, kwa sababu kila alivyopona mwanawe ndivyo uongo wake ulivyokaribia kufumuliwa. Akakitoa kioo ukutani, akasema msumari umelegea. Mukami alitazama ule msumari, kisha akamtazama mama yake. Haikumpitia Nyawira akilini kwamba duka la vipodozi lina vioo kila ukuta.

Aliyetibua mambo ni Mama Mwangangi. Alikuwa amemwona Mukami akienda na kurudi, ngozi inazidi kuwa nyororo, na aliposikia neno maji ya uyoga kupitia dirishani alilifikisha mtaa mzima kabla ya Jumatano. Jumapili iliyofuata, Nyawira akiwa amepaka shavu la kulia, mlango ulijaa watu. Mama Mwangangi alikuwa mbele. Nyuma yake walikuwa majirani wawili, mmoja na mtoto wa kike mgongoni, na nyuma yao Teresiah mwenyewe, tajiri wa Mukami, aliyefikiwa na habari hadi Kayole, na mkoba mkubwa.

"Mama Mukami, wewe ni mchoyo," Mama Mwangangi alianza, hata salamu hakutoa. "Mtoto wako amekuwa laini hivi na sisi tuko hapa mlango kwa mlango tunazeeka!"

"Karibuni," Nyawira alisema.

Teresiah aliingia na tabasamu. "Mama, mimi nimeiona kazi yako. Huyu msichana alikuwa ameharibika, hata wateja walikuwa wananiuliza ni nini. Sasa ona. Hii kitu tutie kwa chupa, tuweke lebo: Maji ya Uyoga, ya Kung'arisha. Wewe unachemsha, mimi nauza. Watu wa Kayole wataipigania."

Wote walimtazama Nyawira. Mukami pia alifungua macho, shavu moja limelowa na jingine kavu. Nyawira angeweza kusema yamekwisha. Angeweza kusema bado hayajakomaa, njooni mwezi ujao. Maneno hayo yalikuwa ulimini tayari. Lakini macho yake yalimwangukia yule mtoto mgongoni mwa jirani, mtoto mweusi mwenye mashavu ya kujaa, aliyekuwa anatafuna kamba ya kofia yake. Akaiona chupa ikifika kwa mtoto yule. Akamwona mtu akimfumbisha macho na kumpaka.

"Haya maji hayamfanyi mtu mweupe," alisema.

"Usitufiche bwana!" akasema Mama Mwangangi.

"Sifichi. Ni supu. Ni supu isiyo na chumvi. Mirriam aliniambia kutoka siku ya kwanza, kwa hivyo msimlaumu yeye." Akamgeukia Teresiah. "Na kama yangekuwa yanafanya mtu mweupe, singemgusa nayo mtoto wangu. Nilimdanganya. Nilitaka aache ule mkorogo ndio rangi yake irudi. Na imerudi. Si mumwone?"

Walimwona. Yule mtoto aliendelea kutafuna kamba yake. Teresiah alifunga mkoba akasema kuna watu wakiletewa baraka mlangoni wanaitimua, akatoka. Majirani wakamfuata. Mama Mwangangi alibaki amesimama, anamkagua Mukami kutoka paji la uso hadi kidevu.

"Ni Ndung'u mtupu," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. Alipofika mlangoni akageuka. "Na hiyo supu ikitiwa chumvi, mniite."

Wakabaki wawili. Nyawira hakuthubutu kumtazama mwanawe. Alikuwa ameshika kile kitambaa chenye maji, kinadondosha matone sakafuni, na alikuwa anangoja mlango ubamizwe kwa nguvu na hatua zishuke kuelekea barabarani zisirudi tena.

"Mami, nilijua," alisema Mukami.

"Ulijua nini?"

"Ile siku ya waru. Nikarudi Kayole nikakata waru yangu, nikaiweka kwa maji ya mfereji. Ikakaa nyeupe tu. Si ndivyo kila mama wa kukaanga chipo hufanya?"

Nyawira, aliyemenya waru miaka arobaini na kila siku kuzitia majini zisiwe nyeusi, alitafuta mahali pa kukaa. Akaketi kitandani. Aibu na kicheko vilimjia pamoja.

"Sasa mbona uliendelea kuja?"

Mukami alinyoosha vidole mapajani. Alikuwa anaangalia mikono yake, vifundo ambavyo navyo vilikuwa vimeanza kulainika.

"Ulikuwa unanishika uso."

"Lakini mimi ni mama yako. Si nimekushika uso tangu..." Nyawira alianza kuhesabu. Alirudi nyuma mwaka mmoja, miaka mitano, kumi, akitafuta siku moja, na hakuipata. Alimpa chakula, karo, viatu, fimbo kidogo, maombi mengi. Uso hakuushika.

"Unakumbuka watu wakituona barabarani walikuwa wanauliza nini?" Mukami aliuliza. "Nikiwa mdogo. Walikuwa wananiangalia, wanakuangalia, wanasema, huyu ni wako kweli? Unakumbuka ulikuwa unawajibu aje?"

Nyawira alikumbuka. Alitaka hata kutabasamu, kwa sababu ulikuwa mzaha mzuri, mtaa mzima uliupenda. "Huyu nilimwokota Burma," ndivyo alivyokuwa akisema, akimaanisha lile soko la nyama la hapo Jogoo Road. Watu walicheka. Muuza nyama alicheka, mchungaji alicheka, Ndung'u mwenyewe alicheka. Mukami pia alikuwa akicheka, mkono wake mdogo ndani ya mkono wa mama yake.

"Baba alikuwa ananipeleka Burma Jumamosi kununua nyama," Mukami aliendelea. "Nilikuwa naangalia wamama wa huko mmoja mmoja. Natafuta mwenye ananifanana."

"Mukami, ule ulikuwa mzaha."

"Najua. Lakini nilijua nikiwa mkubwa, na ilikuwa imeshaingia." Alipangusa pua kwa kiganja. "Watu wanafikiria nilijichubua juu ya wanaume. Hata Teresiah anafikiria hivyo. Mimi nilitaka tu tukitembea na wewe mtu aseme, huyu ni wa yule. Basi."

Nyawira alilia. Hakulia kwa adabu ya kanisani, na kitambaa puani. Alilia kwa sauti, mabega yakitikisika, kama alivyolia siku ya Ndung'u, kwa sababu alikuwa amepigana miezi yote na krimu, na duka, na Kayole nzima, kumbe aliyekuwa akipigana naye ni yeye mwenyewe, mwanamke mcheshi wa Jogoo Road. Alimpenda mtoto huyu kuliko pumzi yake na hakuwahi kufikiri kwamba mtoto hakujua. Alisema nisamehe. Alisema tena. Alitaka kueleza kwamba kila alipomtazama alimwona Ndung'u na moyo ukajaa, kwamba ile rangi aliipenda kabla Mukami hajazaliwa, lakini maneno yalitoka yamechanganyika na kamasi na Kikuyu na hayakueleweka.

Mukami alimwacha alie. Kisha akarudi kwenye kigoda chake, akafumba macho, akainua uso.

"Umebakisha shavu moja," alisema. "Na maji yanapoa."

Jumapili iliyofuata Nyawira aliweka meza yake nje ya lango la kanisa, kama kawaida yake, akapanga uyoga kwenye masinia. Mukami alisimama kando yake akifunga vifurushi, bila barakoa. Mabaka mawili madogo yalikuwa bado chini ya macho. Daktari alikuwa amesema yatachukua muda wake. Makokha alikuwa ameshaketi kwenye kiti chake cha ulinzi akingoja furushi lake.

Akaja mama mmoja kutoka Kware, mgeni, ambaye alikuwa hajawahi kununua hapo. Alichagua uyoga, akauliza unapikwaje, akaelezwa. Akamtazama Mukami. Akamtazama Nyawira. Akarudi kwa Mukami.

"Huyu msichana ni wako?"

Makokha, aliyeujua ule mzaha kwa miaka, alianza kutabasamu mapema. Mukami aliinamisha kichwa, akashughulika na fundo la kifurushi.

Nyawira aliweka sinia chini. Akafuta mikono yote miwili kwenye leso yake, bila haraka. Kisha akamshika Mukami kidevu, akauinua uso wake kuelekea kwa yule mama.

"Ni wangu. Uchungu ulinishika Jumapili, nikamzaa Jumanne saa tisa mchana, na mvua ilikuwa inanyesha hivi kwamba muuguzi alikuwa akinipigia kelele nisimsikie. Alikuwa mkubwa. Alinipasua. Alitoka na nywele zimefika hapa, na weusi kama wa baba yake, nikasema nileteeni huyo, msimwoshe, nileteeni hivyo hivyo. Nilikataa kumwachilia. Walitaka kumpima uzito nikakataa. Baba yake alikuja amelowa chapachapa..."

"Mami," Mukami alinong'ona, masikio yanawaka kwa haya, "inatosha. Watu wanangoja."

Walikuwa wanangoja kweli. Nyuma ya mama wa Kware foleni ilikuwa imefika kwenye lango, na Makokha alikuwa amesimama ili asikie vizuri.

"Wangoje," alisema Nyawira, asiachilie kile kidevu. "Bado sijafika kwa meno ya kwanza."